Krismasi ya Mkono Mtupu

Wahenga waliposema kwamba mkono mtupu haulambwi hawakuutaja mwezi wowote. Kwa Mkenya wa leo, hata hivyo, methali hii ina mwezi wake, nao ni Desemba. Pindi sherehe za Jamhuri za tarehe 12 zinapomalizika, vituo vya mabasi jijini Nairobi hubadilika sura. Katika kituo cha Machakos Country Bus, ambacho wenye utani walikibandika jina la uwanja wa ndege tangu zamani, watu hupanga foleni alfajiri na mapema wakiwa na magunia, ndoo za plastiki, magodoro yaliyokunjwa, katoni za sabuni na mifuko ya mchele. Nauli iliyokuwa ya kadiri mwezi wa Novemba hupanda, na zipo siku ambapo hupanda maradufu. Abiria hunung'unika huku akihesabu noti. Hulipa kwa kuwa anangojewa.

Anayetazama kwa makini huona pale kituoni mtu wa aina nyingine pia. Huyu huuliza nauli ya Busia mara mbili, akamshukuru utingo, kisha akaondoka taratibu kana kwamba alikuja kumsindikiza mwenzake. Ni huyo anayestahili kuzungumziwa.

Aghalabu ni kijana aliyetoka chuo kikuu miaka mitatu iliyopita. Mahafali yake yalihudhuriwa na basi zima la jamaa kutoka kijijini. Mbuzi alichinjwa, hotuba zikatolewa, na mzee mmoja akatangaza kwamba sasa ukoo umepata jicho la mjini. Tangu siku hiyo jicho hilo halijapata kazi ya kudumu. Kijana hufundisha kwa kibarua katika shule ya kibinafsi, na shule inapofungwa mwishoni mwa mwaka mshahara nao hufungwa. Krismasi ya kwanza aliwaambia wazazi kwamba yuko zamu. Ya pili akasema kazi imempeleka Mombasa. Ya tatu hakusema kitu; alizima simu tarehe 24 akaiwasha tarehe 27, na katikati ya tarehe hizo akala ugali na sukuma wiki katika chumba chake kimoja mtaani Pipeline, akisikiliza nyimbo za Krismasi zilizopenya ukutani kutoka kwa redio ya jirani. Wasomaji wa jarida hili hawana haja ya kuelezwa zaidi kijana huyu ni nani. Wengi wamekaa naye darasani.

Kilichomzuia kurudi si nauli peke yake. Nauli angeweza kuikopa. Kilichomzuia ni lile swali lisilotamkwa linalompokea kila atokaye mjini, swali linaloulizwa na macho ya watoto wanaolikimbilia begi kabla hawajamkimbilia mwenye begi: umetuletea nini? Nyuma ya swali hilo limejificha jingine zito zaidi: umekuwa nani? Hapa ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Sikukuu ambayo ingekuwa wakati wa watu kuonana imegeuzwa kuwa siku ya ukaguzi wa hesabu, na mwenye hesabu mbaya huona afadhali asikaguliwe. Matokeo yake ni kinyume kabisa cha kusudi. Shinikizo la kuja na vitu humzuia mtu kuja, na mama aliyemtaka mwana hupata visingizio kwa simu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo mila, na mwacha mila ni mtumwa. Dai hili halina budi kuchunguzwa, maana umri wa mila hii unajulikana. Kurudi nyumbani kwa wingi mwishoni mwa mwaka, kutoka katika mji ulio mbali, hakungewezekana kabla ya kuwapo mji wenyewe. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Karibu na wakati huo ikaja kodi ya vibanda, iliyowalazimu wanaume kutafuta fedha kwa kazi ya ujira, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ukatekelezwa mfumo wa kipande, ambapo mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba cheti cha usajili na cha kazi alizofanya, aghalabu ndani ya kikebe kilichoning'inia shingoni. Nyumba za wafanyakazi jijini Nairobi, kama zile za watu wa reli pale Muthurwa, hazikujengwa kwa kuifikiria familia. Mke, watoto na wazee walibaki mashambani. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo kwa kuwa ilichukuliwa kwamba shamba la nyumbani ndilo litakalowalisha. Basi likizo ilipopatikana, mtu alirudi kwao akiwa amebeba sukari, chumvi, mkate, mafuta ya taa na shuka, na vitu hivyo vilikuwa ushahidi kwamba miezi yote ya kutokuwepo kwake haikupotea bure.

Zawadi ile, kwa hivyo, ilikuwa fidia. Mfumo wa kikoloni uliitenganisha familia, na mfanyakazi akajaribu kuulipia utengano huo kwa kilo ya sukari. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka wa 1963 lakini fidia ingali inadaiwa, na anayedaiwa ni mwana wa yule yule aliyetenganishwa na wake. Hakuna ubaya wa kuienzi desturi iliyozaliwa juzi. Desturi nyingi njema zilizaliwa juzi. Ubaya ni kuiita ya mababu ili isiulizwe maswali.

Tena fidia yenyewe imepanda bei. Zama ambapo mkate ulikuwa kitu adimu, aliyefika na mikate miwili alipokewa kwa vigelegele. Leo mkate unauzwa dukani hatua chache kutoka langoni mwa boma, na hauwezi tena kuthibitisha lolote. Ikabidi vije vitu vikubwa: televisheni, tangi la maji, mabati, gari. Inajulikana, ingawa haisemwi, kwamba baadhi ya magari yanayoingia vijijini tarehe 23 yamekodiwa kwa siku tano, na kwamba dereva wake hulala akiota mkwaruzo.

Simu nayo imeongeza uzito. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, aliye mbali hana tena udhuru wa umbali. Ombi la mjomba humfikia kiganjani, na jibu linatarajiwa saa ile ile. Mikopo ya simu ikafuata, M-Shwari mwaka wa 2012 na Fuliza mwaka wa 2019, pamoja na nyingine chungu nzima. Itakuwa si haki kuzilaumu huduma hizi, kwani zimewafaa wagonjwa na wachuuzi wengi usiku wa manane. Hata hivyo zimeondoa kizuizi kimoja cha maana, yaani ile haya ya kwenda kukopa kwa mtu anayekujua. Zamani aliyetaka kukopa ili achinje mbuzi wa Krismasi alilazimika kuketi mbele ya binadamu mwenzake na kumweleza kwamba anakopa ili achinje mbuzi, na katika kueleza huko wengi walirudiwa na akili zao. Leo hubonyeza tu.

Kisha huja Januari, ambayo Wakenya waliibatiza jina la Njaanuari, neno moja lililobeba kicheko na kilio kwa pamoja. Shule zinafunguliwa, karo, sare na madaftari vinangoja. Mwenye nyumba hajui habari za sikukuu. Mkopo wa simu umeiva. Ajabu ni kwamba anayeteseka mwezi huo aghalabu ndiye aliyeshangiliwa Desemba, na waliomshangilia ndio wa kwanza kumpigia simu wakiomba karo. Nao hawana hatia hata kidogo. Waliona gari. Aliyefika na gari la kukodi hawezi kusema wiki tatu baadaye kwamba hana kitu, na hivyo hulazimika kukopa tena ili uongo wa kwanza usife. Kwa njia hiyo kila Krismasi ya kujionyesha huzaa madai ya mwaka mzima, na mtu hujikuta akiutumikia mfano wa nafsi yake ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuchonga.

Lakini shinikizo la sikukuu halina sura moja, na mjadala unaoishia kwenye mifuko ya wanaume hubaki nusu. Binti wa miaka ishirini na minane anayesomea shahada ya uzamili anaweza kufika nyumbani na begi lililojaa vitu, bado akahesabiwa kuwa mtupu. Swali lake ni jingine. "Na mgeni wetu tutamwona lini, mama?" Shangazi huliuliza kwa upole huku akichuja chai, mbele ya watu, na mwaka unaofuata huliuliza ndani ya sala ya kubariki chakula, pahali ambapo haliwezi kujibiwa. Akiolewa, swali litakuwa la mtoto. Akimpata mtoto, litakuwa la ndugu wa mtoto. Katika siku zote kumi za likizo hakuna atakayemwuliza tasnifu yake inahusu nini (ingawa ni haki kukiri kwamba akiulizwa, jibu lake huenda likafika Mwaka Mpya). Binti huyu hujifunza kucheka mahali pa kujibu. Hurudi mjini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, akajilaumu kwa kuchoshwa na watu wanaompenda.

Pia yupo mke wa mwana. Chapati ni chakula cha Krismasi karibu katika kila boma la bara, na chapati haziji zenyewe. Mtu huamka kabla ya jogoo akakanda unga wa watu arobaini, akasukuma na kuchoma hadi adhuhuri, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni, ilhali mawifi waliotoka mjini wameketi chini ya mwembe wakisimuliana habari za mwaka. Vyombo vinapomalizika kuoshwa, hadithi nazo zimemalizika. Kila linapozungumzwa suala la furaha ya mtu binafsi wakati wa sikukuu, yafaa lipelekwe jikoni kwanza. Mama huyu anakumbuka nini cha Krismasi iliyopita zaidi ya kiuno chake? Wala dawa yake haihitaji semina. Mijini, wengi wa wanaosukuma na kuuza chapati vibandani ni wanaume, na hakuna mteja aliyewahi kuwauliza uanaume wao umekwenda wapi. Mkono uleule unaweza kusukuma chapati kijijini pasipo kuvunjika.

Fasihi ya Kiswahili haikuyanyamazia mambo haya. Katika riwaya ya Kichwamaji ya mwaka wa 1974, Euphrase Kezilahabi alimchora Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao wakati wa likizo na kukuta kwamba elimu imemweka mbali na wale waliomtarajia. Mwisho wake ni kujiua. Katika kumbi za mihadhara riwaya hiyo husomwa kwa miwani ya udhanaishi, na ni sawa isomwe hivyo. Lakini ingefaa isomwe pia mwezi wa Desemba, na wazazi wakiweza waisome, kama kisa cha kijana aliyekosa lugha ya kuwaambia watu wa nyumbani kile kinachomla ndani. Umbali kati ya Kazimoto na yule kijana wa Pipeline aliyezima simu kwa siku tatu si mkubwa sana, na hili si jambo la kutiliwa chumvi wala la kupuuzwa.

Shaaban Robert, kwa upande wake, alituachia Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima shamba. Wanafunzi wengi humwona mhusika huyu kuwa mwema kupita kiasi, mtu aliyechongwa kwa maadili matupu, na hukumu hiyo ina haki yake. Hata hivyo Utubora ana sifa moja adimu, nayo ni kwamba alikiweka mwenyewe kipimo cha kumtosha, kisha akakubali kuonekana kinyume cha matazamio ya watu. Tena, na hili husahauliwa, furaha yake haikutokana na kuwakimbia wanadamu. Huko shambani ana majirani, naye anawafaa. Alichokikimbia ni mizani ya wengine tu.

Hapa patazuka pingamizi, na ni pingamizi ya haki. Wazazi waliuza ng'ombe ili mwana asome. Je, mwana huyo ana ruhusa gani ya kuketi na kuifikiria furaha yake? Je, huu si ubinafsi uliovishwa joho la falsafa? Jibu ni kwamba deni la mzazi lipo, wala hakuna anayelikana. Lakini kuna deni la mzazi na kuna deni la watazamaji, na Desemba huyachanganya hayo mawili hadi mtu asiweze kuyatofautisha. Mama anahitaji dawa za shinikizo la damu mwezi wa Machi. Majirani wanahitaji kuona gari mwezi wa Desemba. Pesa ni zilezile. Anayezimaliza zote kwa macho ya majirani hawezi kudai kwamba alimheshimu mama, hata kama mama mwenyewe, kwa fahari ya siku moja, alipiga kigelegele.

Katika jambo hili watu wa bara wana la kujifunza kutoka kwa majirani wao Waislamu. Kabla ya sala ya Idi inayofuata mfungo wa Ramadhani, kila Mwislamu mwenye ziada ya chakula cha siku hiyo hutakiwa kuitolea nafsi yake, na kila aliye chini ya ulezi wake, pishi moja ya chakula kikuu cha mahali pale, kiasi cha kilo mbili na nusu hivi, ili maskini naye ale siku ya sikukuu. Hiyo ndiyo zaka ya fitri. Uzuri wake umo katika kipimo. Kinajulikana, ni kidogo, na tajiri wa Mombasa anatakiwa kutoa kwa ajili ya kichwa chake pishi ileile anayotoa mvuvi. Hii haina maana kwamba Idi haina mashinikizo yake. Aliyewahi kupita madukani Mombasa siku za mwisho za Ramadhani, wazazi wakihangaika kutafuta nguo mpya za watoto, anajua kwamba yapo. Lakini chini ya heka heka hizo pana sakafu: mtu akishatoa pishi yake, wajibu huo umetimia, na lililobaki ni hiari. Krismasi ya bara haina pishi. Haina mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kusema kwamba ametimiza. Kwa sababu hiyo kila mmoja hana budi kujiwekea pishi yake, na kuiweka mapema, kabla redio hazijaanza kupiga nyimbo.

Lugha yenyewe inasaidia kidogo. Kiswahili kina furaha, raha, starehe, anasa na bashasha, na kila neno lina mahali pake; lakini salamu ya msimu huu haikuchagua lolote kati ya hayo. Watu hutakiana heri. Na heri, kila mzungumzaji anajua, ni neno la kuchagulia pia: heri nusu shari kuliko shari kamili, heri hiki kuliko kile. Anayemtakia mwenzake heri ya Krismasi anamtakia, pengine bila kujua, uwezo wa kupima na kuchagua.

Kupima huko ni kwa namna gani? Kwanza ni kusema kweli, na kuisema mwezi wa Novemba. Shinikizo la Desemba hulishwa na kimya. Nyumbani hawajui aliye mjini ana nini, naye aliye mjini hawaambii, na pengo hilo hujazwa na ndoto. Simu ya dakika tano, "Baba, mwaka huu nitakuja na mkate, majani ya chai na mimi mwenyewe," huumiza koo wakati wa kutamkwa, lakini huokoa mengi. Kina baba wengi, tofauti na inavyodhaniwa, huipokea simu hiyo kwa utulivu. Wao pia waliwahi kuwa vijana mjini. Ndugu nao wanaweza kuchanga pamoja na kuleta kitu kimoja cha nyumba nzima, badala ya kushindana kwa magunia, kaka akitaka kumzidi dada na dada akimzidi kaka, huku mzazi akijua vyema kwamba wawili hao hawasemezani.

Pili, si lazima kila mtu asafiri. Wauguzi, askari, mabawabu, madereva na utingo wenyewe hufanya kazi siku hiyo, na wengi wao huipata Krismasi yao pale pale walipo, kwa sinia moja la pilau kati ya watu wanne waliochanga. Kuna tofauti kubwa kati ya kubaki mjini na kujificha mjini. Anayebaki hupiga simu asubuhi, huwasalimu wazee mmoja mmoja kwa majina yao, kisha huwagongea mlango majirani. Anayejificha huzima simu. Chumba ni kilekile, ugali ni uleule, lakini siku hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Na barabara zinadai kuzingatiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba mwaka wa 2017, basi lililotoka Busia likielekea Nairobi liligongana na lori pale Migaa, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu 36 walifariki. Serikali ikapiga marufuku mabasi kusafiri usiku kwa muda. Si sahihi kuihusisha kila ajali na tamaa ya sikukuu, kwani lami ina mengi yake. Lakini kalenda inayoutaka umma mzima uwe kwao tarehe moja na urudi kazini tarehe moja haiwezi kusemwa kwamba haina mkono katika haraka ya madereva na wingi wa magari.

Linalobaki ni la wenyeji, na pengine ndilo gumu zaidi, maana vijana hawawezi kujitangazia msamaha. Anayestahili kuusema ni mzee. Ni mjomba anayeweza kumpokea mpwa wake langoni, akamshika mkono uliokuwa mtupu, akauliza habari za safari na asiulize habari za kazi hadi mgeni atakapoitaja mwenyewe. Ni shangazi anayeweza kuchuja chai akanyamaza. Na ni mzazi wa kuwaambia wajukuu, kabla basi halijafika, kwamba anayekuja ni ami yao, na ami ana jina. Mambo haya hayana gharama, lakini yanahitaji mtu wa kwanza wa kuyaanzisha katika kila boma, na huyo wa kwanza huonekana wa ajabu kwa Krismasi mbili tatu.

Yule kijana wa Pipeline alisafiri katikati ya Januari, nauli iliposhuka. Alifika siku ya Jumanne saa tisa alasiri, akakuta watoto wako shuleni na hakuna wa kulikimbilia begi. Mama alikuwa uani akipukuchua mahindi. Kijana alivuta kigoda, akachukua gunzi, na walipofika nusu ya rundo akamwambia yote: kwamba hakuwahi kwenda Mombasa, kwamba shule ilimlipa hadi Oktoba tu, kwamba simu aliizima mwenyewe. Mama hakuacha kupukuchua. Baada ya kitambo alisema kwamba alikuwa amemwekea paja la kuku tangu tarehe 25, na kwamba ilipofika tarehe 28 alilazimika kumpa mbwa. Kisha akamwuliza kama bado anakunywa chai bila sukari.